Siku Baba Mapendo Alipofika Freiburg

Hili ninalokusimulia halikumpata jirani wa shangazi yangu, wala sikulisikia kwa mtu kanisani. Lilinipata mimi, giza halijaingia sawasawa, nikiwa nasukuma kigari cha mtoto. Pombe sinywi. Homa sikuwa nayo. Ukitaka kucheka, cheka tu. Wateja wangu hapa saluni hucheka mpaka vichwa vinawatikisika nashindwa kuwasuka. Lakini mume wangu akiingia kuazima sindano, wote hunyamaza na kumkodolea macho, na mimi hujua kwamba moyoni wameniamini.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Mume wangu anatoka ng'ambo ya pili, Kalemie, kwa hiyo kilichotutenganisha utotoni ni ziwa tu. Ajabu ni kwamba ilibidi wote tushuke mpaka Johannesburg ndipo tuonane. Wakati ule nilikuwa nasuka nywele pembeni mwa Joubert Park, yeye ana cherehani yake kwenye mlango wa jengo la nyuma yangu. Baadaye tulihamia huku Rosettenville, kusini mwa jiji hilohilo. Nyumba ina gereji. Gereji ikawa duka lake la ushonaji, sebule ikawa saluni yangu, na chumba cha uani tukampangisha Mama Chantal, mjane wa Kirundi ambaye sasa ni kama dada yangu.

Mungu alitupa mtoto mmoja, Mapendo. Alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimuudhi anakujibu kwa Kizulu. Tangu azaliwe, mimi ni Mama Mapendo na mume wangu ni Baba Mapendo. Jina halisi la mume wangu ni Kisimba, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake. Kwetu mwanamke aliyezaa na mwanaume hamwiti jina hivihivi kama anamwita mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani.

Mapendo alikuwa na akili ya shule. Kwa namna ambayo mpaka leo siielewi vizuri, alipenda miti. Akaisomea, akaisomea tena, mwisho akapata nafasi Ujerumani, katika mji unaoitwa Freiburg, kusomea misitu mpaka awe daktari wa hiyo misitu. Huko akaolewa na kijana mmoja mrefu mpole, Jonas. Kisha akajifungua mtoto wa kiume, akatupigia simu kutuambia jina.

"Tumemwita Kisimba," alisema. "Baba, umesikia?"

Baba Mapendo aliinuka mezani, akaenda gereji. Nikasikia cherehani inakimbia, inakimbia, na nilijua haina kitambaa.

Safari nikaenda peke yangu. Mimi nina pasipoti ya Tanzania, niliomba visa nikapata. Yeye ana zile karatasi za asylum, za ukimbizi, ambazo kila mara zinataka kwenda kugongwa muhuri upya, na kwa karatasi zile huvuki hata mto. Hakulalamika. Alinishonea koti kutoka kwenye blanketi zito la Kisotho, la rangi ya udongo na mistari meusi, akalitia bitana, akanivalisha yeye mwenyewe na kunigeuzageuza kama mteja.

"Nenda weye," alisema. Kiswahili chake ni cha Kongo, hajakibadilisha hata siku moja. "Umuangalie sana ule mutoto. Ukirudi, utaniambia."

Sasa nikwambie kuhusu mji wenyewe, maana niliupenda, na hata baada ya mambo yaliyonikuta bado naupenda. Freiburg si mkubwa. Ukiuweka juu ya Johannesburg utapotelea Randburg na hutaupata tena. Umekaa bondeni, na pande karibu zote unazungukwa na milima ya misitu. Wenyewe wanauita Msitu Mweusi, na ni mweusi kweli, hasa mvua ikinyesha. Katikati ya mji, kandokando ya njia za mawe, vinapita vijifereji vya maji safi, vyembamba, na watoto wanavuta humo vijimashua vya mbao kwa kamba. Mapendo aliniambia mgeni akitumbukiza mguu humo bila kukusudia, lazima ataolewa na mtu wa mji ule. Yeye alitumbukia mwezi wa kwanza tu. Mimi kila nikipita pale nilikuwa nainua koti na kuruka kwa uangalifu, kwa sababu mume ninaye tayari.

Nyumba hazina waya wa umeme juu ya ukuta. Hizo kuta za ua zenyewe hazipo. Wanafunzi wamejaa kila kona na baiskeli zao, wanafunga skafu ndefu kama matandiko. Kwenye robot, zile taa za barabarani, watu wanasimama wakisubiri taa ya kijani hata kama gari halionekani mpaka mwisho wa macho, na siku ya kwanza nilipovuka kwa mtindo wa Rosettenville, bibi mmoja alinitikisia kidole kwa huzuni, kama nimemvunjia sahani. Na koti langu, niamini, lilinipa umaarufu. Watu wananisimamisha sokoni kuniuliza nimelinunua wapi. Mapendo anawatafsiria: "Baba kashona." Nikawa natembea nimeinua kidevu.

Kila jioni tulipiga simu ya video nyumbani. Lakini wewe unaujua umeme wetu. Tukianza tu, uso wa Baba Mapendo unaganda, mdomo wazi, kisha kimya. Na kila ukirudi anasema neno lilelile: "Mugeuze kidogo. Bado sijamuona muzuri." Nilikuwa namgeuza mtoto huku na huku mpaka analia. Babu yake hakuwahi kuridhika.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, theluji nyembamba imelala kwenye nyasi. Jonas alikuwa amekwenda kwa wazazi wake kuchukua kitanda cha mtoto. Mapendo alikuwa na kikao na profesa wake, mara ya kwanza tangu ajifungue. Nilimwambia, nenda mwanangu, nimelea watoto wa mtaa mzima, huyu mmoja atanishinda? Basi alipotoka tu, mtoto akaanza kulia. Nikambeba, nikamwimbia, nikampigapiga mgongo, wapi. Dawa yake ilikuwa moja, kigari kutembea. Nikamfunika mpaka puani, nikavaa koti langu, tukatoka.

Mwisho wa mtaa wao kuna njia pana inayoingia msituni. Tulikuwa tumeipita mara nyingi na Mapendo. Wazee wanaitumia na mbwa wao, si mahali pa kuogopesha. Nikawa nasukuma taratibu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, nikaanza kuzungumza na mjukuu wangu kwa jina lake. Mtoto anapaswa kulisikia jina lake, au sivyo? "Kisimba," nikamwita. "Kisimba wangu. Kisimba, nyamaza tulale." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito, niliona haya kabisa. Miaka yote ile sijaliita. Halafu nikaona ni tamu. Nikaliita kwa sauti, mara nyingi, nikimwaza, nakiri, mwenye jina mkubwa kuliko mdogo. Nilimkumbuka hasa. Nikaliita jina lile mpaka msitu ukawa unanirudishia.

Mtoto akalala. Ndipo nikainua macho nikaona ukungu umeshuka.

Sijui kama umewahi kuona ukungu wa kule. Hauji kama wingu. Unakuta tu miti ya mbali haipo, kisha ya karibu haipo, kisha umebaki wewe na kigari. Niligeuza nirudi. Nikafika mahali njia inagawanyika, na ningeapa kwamba tulipokuja haikugawanyika. Nikashika moja, ikaanza kupanda. Nikarudi, nikashika nyingine, ikawa nyembamba mpaka magurudumu yanakwama kwenye mizizi. Nikatoa simu nimpigie Mapendo, simu ikazimika mkononi kwa baridi. Giza lilikuwa linakuja. Mtoto mwenyewe mdogo, hajakaza hata shingo vizuri. Nilimuomba Mungu kwa Kiha, lugha ya mama yangu, ambayo huwa naitumia nikiwa nimeishiwa.

"Mama Mapendo."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama chini ya mti. Amevaa lile shati lake la kazi la bluu, futi yake ya kupimia imening'inia shingoni, miguuni ndala.

"Unamupeleka wapi huyu mutoto na hii baridi?" alisema. "Njia iko huku."

Wateja wangu hapa huniuliza, hukukimbia? Hukupiga kelele? Sikupiga. Sasa nikuulize, wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza kwamba wamenifanyia surprise. Nilidhani Mapendo na Jonas wamepambana huko kwenye maofisi yao, wamempatia karatasi, na kikao cha profesa kilikuwa uongo wa kwenda kumpokea uwanja wa ndege. Nililia kwa furaha. Nikaacha kigari, nikamwendea mikono wazi. Akarudi nyuma hatua.

"Ngoja," alisema. "Mikono iko na mafuta ya cherehani. Utachafua koti."

Hivyo ndivyo alivyo. Kama ungekuwa unamfahamu, hata wewe ungeridhika na jibu hilo.

Akatangulia, nami nikamfuata na kigari. Nilimgombeza njia nzima. Nilimwambia, mtu mzima unasafiri mpaka Ulaya na ndala? Ulipanda ndege hivyo watu wanakuangalia? Mapendo hakukupa hata soksi? Yeye anacheka kile kicheko chake cha puani, haongezi neno. Kila njia ilipogawanyika alisimama kidogo, akaelekeza kwa kidevu, tukaendelea. Mahali pamoja aliweka kiganja karibu na shina la mti, bila kuligusa, akatazama juu.

"Imenyooka," alisema. "Kama imepimwa."

Tulipotoka kwenye miti, ukungu ukabaki nyuma yetu na mji ukaonekana chini. Taa zilikuwa zimewashwa. Mnara wa kanisa lao kubwa, ambao umetobolewatobolewa kama lesi, ulikuwa unamulikwa. Baba Mapendo alisimama pale muda. Sijawahi kumwona anatazama kitu namna ile, labda mara moja tu, siku Mapendo alipozaliwa.

"Muji muzuri," alisema. "Mapendo atakuwa salama hapa."

Nilisimama kando yake. Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi. Kwenye kigari, chini ya kikofia, pumzi ya mtoto nayo ilikuwa inatoka kama kamoshi kadogo. Mbele ya mdomo wa mume wangu hapakuwa na kitu. Niliona. Nisikudanganye, niliona, na nikaamua kutoona. Mtu mwenye furaha hafanyi uchunguzi.

Kwenye mlango wa jengo tulikutana na Bibi Ilse, mzee wa ghorofa ya chini, anapeleka taka zake kwenye yale mapipa yao ya rangi tofauti. Alinisalimia mimi, kisha akamsalimia yeye, kisha akaona miguu yake. Alishika mashavu kwa mikono miwili. "Kalt," alisema, "kalt, kalt," maana yake baridi. Baba Mapendo akamwinamia kwa heshima, kama anavyowainamia wateja wakubwa. Nakutajia Bibi Ilse makusudi. Kumbuka kwamba si mimi peke yangu niliyemwona.

Tukapanda. Ndani nilichomeka simu kwenye chaja, nikamtoa mtoto kwenye manguo yake, nikamlaza kwenye godoro lake sebuleni karibu na hita. Alikuwa ameamka. Hakulia. Baba Mapendo akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameikunja, akawa anamtazama. Mtoto naye akawa anamtazama. Watoto wa umri ule macho hayatulii, wewe mwenye watoto unajua. Haya yalitulia. Alipoinamisha kichwa kushoto, macho ya mtoto yakaenda kushoto. Alipoinamisha kulia, yakaenda kulia.

Nilichemsha chai, nikamwekea kikombe sakafuni.

"Kunywa, itapoa."

"Acha ipoe kwanza. Niko namuangalia."

Simu ikapata moto, ikawaka, na hapohapo ikaanza kuita. Mama Chantal. Nikaipokea nikiwa nacheka, nataka kumwambia, dada, nyinyi watu mna siri, kumbe mlijua.

"Mama Mapendo, tunakupigia tangu saa ngapi," alisema. Sauti yake haikuwa yake. "Bwana wako alilala juu ya cherehani mchana. Nilidhani amechoka, jua ni kali leo. Sasa tunamuita, tunamutikisa, haamuki. Anapumua kidogo tu. Tumeita ambulensi, haijafika. Mchungaji iko hapa, anasema tumumwagie maji."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Kutoka pale namwona mume wangu mgongo wake, futi shingoni, ameegemea kiganja.

Niamini, nilishika fremu ya mlango. Lakini kwetu Kigoma mtu hakui bila kusikia habari za watu ambao roho hutoka na kutembea mwili ukiwa usingizini. Usimtikise. Usimmwagie maji. Usimhamishe alipolala, maana akirudi asipojikuta pale atapita moja kwa moja.

"Msimguse," nikanong'ona. "Mama Chantal, nisikilize. Asiguswe, asihamishwe. Acheni mlango wa gereji wazi. Usikate simu."

"Mikono yake imeanza kuwa baridi," alisema.

Na wakati anasema hivyo, mume wangu wa pale sebuleni alinyoosha kidole akagusa blanketi la mtoto, na blanketi likasogea. Njia nzima hakuwa amegusa kitu. Sasa blanketi limesogea. Kisha akashika kikombe. Akakiinua. Nikamsikia anapuliza chai, na mvuke ukapinda kwa pumzi yake.

Umenielewa? Kadiri alivyokuwa anafika kwangu, ndivyo alivyokuwa anaondoka kule.

Na mimi, nitakwambia ukweli, kuna sehemu ya moyo wangu iliyosema, mwache. Muda mfupi tu. Mtu amenyimwa njia za wenye pasipoti, ametafuta yake. Amefika. Anamtazama mjukuu wake mwenye jina lake, anakunywa chai niliyompikia. Ni nani mwenye roho ya kumfukuza?

"Baba Mapendo," nikasema, "rudi nyumbani."

Hakugeuka. "Niache kidogo. Bado sijamumaliza."

"Utamwona siku nyingine."

"Siku gani?" alisema, taratibu tu, bila uchungu.

Sikioni Mama Chantal alikuwa ameanza kusali kwa Kirundi. Nikawaza, nikimwambia hapa hupo, umelala Rosettenville, ataogopa, na roho ikiogopa hukimbia ovyo, na nje kuna ule ukungu. Nikiliita jina lake nitazidi kumfunga, kwa sababu, bila shaka hata wewe umeshang'amua, ndilo lililomleta. Nikimlilia, atabaki kunibembeleza. Mtu wa namna ile unamwondoaje?

Halafu nikakumbuka pasi.

Miaka mingi nyuma, tukiwa bado Joubert Park, aliwahi kuisahau pasi juu ya suruali ya bwana harusi, asubuhi ya harusi yenyewe. Tangu siku hiyo pasi ikawa ugonjwa wake. Anaweza kuinuka katikati ya mahubiri, anapita mbele ya watu wote, anakwenda nyumbani kuhakikisha imezimwa. Anaacha chakula. Siku moja alituacha msibani.

Nikafuta uso. Nikaifanya sauti yangu iwe ile ya kila siku, ile ya kugombeza.

"Baba Mapendo. Pasi ulizima?"

Kikombe kikasimama hewani.

"Pasi?"

"Si ulikuwa unanyoosha? Ya nani ile iko mezani?"

Alifikiri. "Ya shemasi," alisema. "Ile koti ya shemasi." Akaweka kikombe chini. "Eish."

Akainuka. Alikuwa anapapasa mifuko, anatafuta funguo, uso wote umekunjamana, mume wangu kabisa. Hata hivyo kabla ya kuondoka aliinama mpaka kwenye sikio la mtoto, akasema neno kwa lugha ya kwao, Kitabwa, ambayo mimi siijui. Kisha akanipita mlangoni. Hakuniaga, maana alidhani anarudi sasa hivi. Aliponipita nilisikia harufu ya gereji yetu, vumbi la pamba na mafuta ya mashine, na ilibidi niume midomo nisimshike shati.

Nikasikia ndala zinashuka ngazi, pa, pa, pa. Zikafika kwenye kona ya ghorofa ya kwanza. Hazikuendelea.

Nilikaa chini, simu sikioni. Nilisikia watu wanasogeza kiti. Nikasikia mtu anakohoa, na kukohoa kule nimelala nako kitanda kimoja miaka yote, siwezi kukosea.

"Ameamuka," alisema Mama Chantal. Alikuwa analia. "Mama Mapendo, ameamuka. Anauliza habari ya pasi."

"Mwambie imezimwa."

"Umeme ulikatika tangu asubuhi," alisema. "Tunamuambia, hasikii, anataka kuishika mwenyewe."

Basi nilicheka, nililia, nilicheka tena, na mjukuu wangu kwenye godoro naye akaanza kulia kama kawaida ya watoto.

Mapendo aliporudi sikumwambia lolote. Msomi wa vile utamwambia nini? Usiku ule tulipiga simu ya video. Baba yake alikuwa amelazwa kitandani kwa amri ya Mama Chantal, waliokuja na ambulensi wamempima wakaona yuko sawa, wakasema ni joto na uchovu. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetoka karamuni.

"Mapendo," alisema, "huyu mutoto iko na katundu kadogo mbele ya sikio la kushoto. Kama marehemu mama yangu. Usikasafishe na kitu, ni ka kwetu."

Mapendo akasema hakuna tundu. Akavuta kikofia, akasogeza taa. Lilikuwepo, dogo kama limetobolewa na ncha ya sindano. Mimi nilikuwa nimemwogesha kila siku, sikuliona. Mama yake hakuliona. Yeye aliyekuwa Rosettenville ameliona wapi?

Kesho yake Bibi Ilse akagonga. Alikuwa ameshika soksi za sufu, za kijivu, nene, alizozifuma mwenyewe. Wakazungumza na Mapendo Kijerumani, na nikaona uso wa mwanangu unabadilika.

"Mama," aliniambia, "anasema hizi ni za mume wako. Anasema alimwona jana na ndala, hakulala kwa kumfikiria."

Ndipo nikamweleza yote. Mwanangu, daktari wa misitu, alikaa kwenye ngazi pale pale alipokuwa amesimama.

Nilirudi Johannesburg nikamkuta mume wangu mzima, lakini si mzima wote. Miguu yake haijapata joto tangu siku ile. Hata Januari, lami ikiwa inayeyuka, anashona na soksi za Bibi Ilse, na ukimgusa kifundo ni kama umegusa bomba la maji. Hospitali wamemtazama, hawaoni kitu. Mwenyewe halalamiki. Nikisimulia habari za Freiburg mbele ya watu nikakosea, ananisahihisha: hapana, ile njia ilienda kushoto kwanza. Na huko Freiburg mtoto sasa anatembea. Jonas anasema kila wakishuka ngazi, kwenye kona ya ghorofa ya kwanza lazima asimame, anyooshe mkono kama anayeshikwa na mtu, ndipo ashuke. Wamezoea. Jina lake la nyumbani limekuwa Emil. Lile lingine hatulitumii nje, na msituni kabisa hatulitumii.

Mimi pia simwachi tena mume wangu alale mchana peke yake. Nikisikia cherehani imenyamaza muda mrefu, naacha kichwa cha mteja nusu, nakwenda gereji. Siongei. Nakaa tu kwenye kiti cha wateja mpaka afumbue macho mwenyewe.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliye mbali na watu wako, na siku hizi ni nani asiye mbali? Ukimwona wako mahali ambapo hana njia ya kufika, usikimbie, hatakudhuru. Mtazame vizuri, mwache naye atazame alichokuja kutazama. Lakini usimpe chakula, usimwite jina, na usimkumbatie hata mikono ikikuwasha. Tafuta neno litakalomrudisha kazini kwake, na umwambie kwa sauti ya kawaida. Itakuuma. Mimi nilimfukuza mume wangu kutoka nyumba ya mwanawe mwenyewe, kwa uongo, chai yake haijaisha. Nyamaza kidogo. Unasikia huko gereji? Ndiye huyo, anashona.